Sura ya Sita: Moshi wa Jiko Jingine

"—siyo wangu! Moshi huu siyo wangu, Sajini, na hata mkiniletea Askofu na fimbo yake hapa nitamwambia hivyo hivyo, siyo wangu!"

Na kabati la kioo akalipiga kofi, paa! Miwani ya marehemu mumewe ikaruka mle ndani ikalala chali. Heee! Kabati lenyewe ndilo lile ambalo wageni walikatazwa hata kulipumulia. Sajini Hilari akalidaka lisipinduke, kisha akamshika Mama Apolonia kiwiko, taratibu, kama mtu anayemtoa kuku kwenye mayai.

"Mama, shusha pumzi kwanza. Umesema moshi?"

"Moshi! Siku tatu nasema, na siku tatu mnanijibu mwandiko, mwandiko. Mwandiko nitaujulia wapi mimi? Hata A siijui. Lakini jiko langu silijui?"

Hilari akatoa kidaftari chake cha polisi mfukoni mwa shati, akalamba ncha ya penseli. Alikuwa askari kanzu, hana kofia wala kaptura ya serikali, lakini penseli ile ilimfanya kila mtu ajue ni nani. Siku tatu za upelelezi, na hakuna aliyekuwa ameandika neno moshi.

Nyumba hiyo, kama kuna ambaye hajafika, iko nje kidogo ya Ifakara kwa njia ya kivukoni, matofali mekundu na baraza pana. Hermenegildi Lihoma aliijenga kwa ajili ya kuandikia tu. Kazi iliyomlisha ilikuwa ya gazeti, Dar es Salaam, lakini kila likizo alipanda treni mpaka Kilosa, akapanda lori, akaja kuvua viatu hapa na kutunga. Vitabu vyake vilisomwa Mahenge, vikasomwa Tabora, vikafika mpaka Mombasa. Alipofariki mwaka 1952, kamati ya wazee na walimu ikaamua nyumba ibaki kama alivyoiacha, watu waje waone: kitanda kimetandikwa, kofia msumarini, kalamu, miwani, viatu chini ya meza. Na watu wakaja kweli, wakiendesha baiskeli toka Mchombe, toka Mngeta, siku nzima juani, kuja kuangalia viatu vya mtu!

Ila kilichopita vyote ni daftari la kitabu chake cha mwisho, ambacho kilikuwa hakijachapwa. Na sasa, Juni hii ya 1956, Bwana Fulgensi wa kiwanda cha uchapaji alikuwa njiani toka Dar es Salaam kuja kulichukua. Angefika Jumamosi. Leo ilikuwa Alhamisi.

Mambo yalianza Jumatatu. Mama Apolonia alichukua ufunguo kwa mtunza nyumba, akafungua kabati apanguse vumbi, akalishika daftari, akalisogeza puani, akapiga yowe lililosikika shuleni. Wa kwanza kufika alikuwa Mwalimu Viktor, katibu wa kamati. Huyu ndiye aliyekuwa macho ya marehemu. Hermenegildi alipopofuka, miaka mitatu ya mwisho, yeye alisema na Viktor akaandika, kwa hiyo mwandiko wote wa daftari lile ni wa Viktor. Akalipekua, akatikisa kichwa, akasema Mama ana haki. Hili si daftari lenyewe, hii ni nakala. Aliiandika yeye mwaka jana, neno kwa neno, kwa tahadhari ya mchwa na mafuriko, akamkabidhi Kelestini, mtunza nyumba, aifungie kwenye sanduku la bati. Basi Kelestini amebadilisha. Ufunguo wa kabati anao yeye peke yake. Tena Jumapili, akasema Viktor, nilimwona kwenye pantoni akivuka na kifurushi cha gazeti kifuani. Bahati nzuri nakala ni neno kwa neno, Bwana Fulgensi ataichapa hiyo hiyo.

Hilari akamkamata Kelestini jioni ile ile, wala hakusita. Aliyesema ni Viktor, shemeji wa Hilari, mume wa dada yake Serafina. Walikaa dawati moja shuleni, na siku ya harusi Hilari ndiye aliyesimama naye altareni. Na Kelestini alipoulizwa kifurushi kilikuwa na nini, alifunga mdomo kama aliyemeza ufunguo wenyewe. Kesho, Ijumaa, alfajiri, lori lingempeleka Mahenge kwa hakimu. Mzee wa miaka sitini na saba, jamani, aliyepangusa vumbi la nyumba moja maisha yake yote!

"Haya, Mama," alisema Hilari. "Nieleze moshi wako."

"Masika ikianza, kila karatasi ya nyumba hii inaingia kapuni. Kapu linapanda darini, juu ya mafiga, linakaa na mbegu ya mpunga mpaka mavuno. Moshi unafukuza mchwa, unafukuza ukungu. Mume wangu ndiye aliyeanzisha, nami sikuacha. Mwaka huu nimeshusha Jumamosi iliyopita, nikalirudisha daftari kabatini kwa mkono wangu huu."

Hilari akafungua kabati kwa ufunguo wa Kelestini, akalitoa daftari, akalinusa. "Lakini hili nalo lina moshi."

"Nusa tena. Usinuse kipolisi. Nusa kama mtu mwenye njaa."

Akanusa tena. Jamani, mate yakamjaa mdomoni! Akaona haya, akameza.

"Kambale," alisema.

"Kambale!" Mama Apolonia akapiga makofi mara moja. "Ukoo wa Lihoma ni mwiko kambale. Tangu niolewe hajavuka kizingiti hiki, wala chungu kilichompika. Waulize majirani, wananicheka miaka arobaini: huyu mama anakaa ukingoni mwa mto na hajui kula samaki wa mto."

Hilari akainama. Chini ya kabati, mstari wa sisimizi ulikuwa unapanda mguu wa mti, unaingia kwenye ufa wa kioo. Akaufuata kwa kidole. Uliipita kalamu. Uliipita miwani. Ulikwenda moja kwa moja pale daftari lilipokuwa limelala, ukaanza kuhangaika kwa kuwa limeondolewa. Akalipeleka dirishani. Kwenye jalada la nyuma, mwanga ulipolipiga upande, akaona kitu kingine: vimraba vidogo vidogo, vyeupe, na katikati yake kahawia. Kama mtu aliyelalia mkeka akaamka na alama shavuni.

"Mama, kama Kelestini angetaka kukudanganya, angefanyaje?"

"Kelestini?" Mama Apolonia akamtazama kama anatazama mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu. "Kelestini ndiye anayepandisha kapu darini. Angeilaza nakala yake humo siku nne, ningejulia wapi?"

Penseli ikasimama.

Aliyefanya hivi alijua kwamba karatasi za nyumba hii zinapigwa moshi. Hilo wengi walilijua, lilikuwa linasimuliwa kwa wageni. Lakini alikuwa hajawahi kupika. Kwake moshi ni moshi. Na jambo jingine likaja juu ya hilo, nalo Hilari aliliandika kwa herufi kubwa: NAKALA YA TAHADHARI INAFUKIZWA YA NINI? Karatasi inayokaa sandukuni haihitaji kunuka jiko. Anayeinukisha anataka ifanane na nyingine.

Akafunga daftari kwenye kitambaa, akapanda baiskeli.

*

Kelestini alikuwa amekaa kwenye sakafu ya rumande, miguu mitupu, mgongo umenyooka kama yuko kanisani.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," alijibu Hilari. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo unaniamkia? Jumatatu ulinivuta tu."

Hilari akachuchumaa nje ya vyuma. "Mwalimu Viktor alikupa nakala lini?"

"Nakala gani?"

"Ya daftari. Uiweke sandukuni."

"Mwanangu, kwenye sanduku lile mna mablanketi mawili na kengele ya baiskeli. Hujafungua kuangalia?"

Hakufungua. Aliambiwa, akaandika. Hilari akapangusa jasho lililokuwa halijamtoka.

"Na kifurushi? Mzee, kesho unakwenda Mahenge. Huko hakuna mtu atakayekubembeleza. Jumapili ulivuka na nini?"

Kelestini akaangalia vidole vyake vya miguu. Akaviangalia sana.

"Hutamwambia Mama?"

"Inategemea."

"Basi niache niende Mahenge."

"Sitamwambia."

"Kiatu," alisema mzee kwa sauti ya mtu anayeungama. "Cha kushoto. Cha marehemu. Cha kulia mchwa walikimaliza masika ya mwaka juzi, nilikuta kisigino na misumari minne. Nikafanyaje? Wageni wa kutoka Mngeta walikuwa wanakuja kesho yake. Nikaweka vyangu."

"Ukaweka vyako wapi?"

"Chini ya meza."

"Mzee Kelestini. Vile viatu ambavyo Bwana Shauri wa wilaya alivipiga picha..."

"Vyangu."

"Ambavyo mapadre walisimama mbele yake kwa heshima..."

"Vyangu, vya Jumapili. Ndiyo maana ninakwenda misa na makubazi. Jumapili nilivuka nikakipeleka cha kushoto kwa Antoni, fundi viatu ng'ambo, anitengenezee mwenzake kabla Bwana Fulgensi hajafika. Nilisema huyu ni mtu wa mjini, atatambua."

Sijui ni nani ambaye hangecheka! Koplo wa zamu alikuwa amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Lakini Hilari hakucheka. Alikuwa anaandika jina la Antoni, na penseli ilikuwa inachimba karatasi.

*

Pantoni ilikuwa upande wa huku Hilari alipofika kivukoni. Akavuka. Antoni alimtolea kiatu bila kuulizwa mara mbili, cha kushoto, cheusi, ngozi imekunjamana, ndani yake herufi H.L. zimechomwa kwa msumari, na pembeni mwenzake wa kulia, mpya, amefika nusu. Kifurushi kilikuwa kimeelezeka. Akavuka kurudi, na maji ya Kilombero yalikuwa bado mapana, mpunga uliokatwa umelala kwenye ukingo matita matita.

Wavuvi walikuwa wanapanga samaki kwenye vichanja. Akamwendea Donati, mkubwa wao, Mndamba mwenye kifua kama mtumbwi.

"Mpogoro kaja mtoni!" Donati akapaza sauti wenzake wasikie. "Angalieni asitumbukie, jamani, hawa mlimani kwao maji wanayaona kwenye kata tu!"

"Nimekuja kuhesabu Wandamba wasionawa," alisema Hilari. "Nikishindwa kuhesabu nitarudi kesho. Nusa hiki."

Donati akalishika daftari kwa vidole viwili, akalinusa, akalinusa tena, kisha, mtu mzima, akalilamba pembe.

"Kambale. Mnene, wa kwenye matope, mafuta mengi. Amekaushwa polepole, siku mbili tatu, na kitabu hiki kilikuwa juu yake kinameza mvuke wote. Nani kapika kitabu?"

"Ndilo ninalotafuta. Mnaokausha kambale mko wangapi?"

"Kuanzia hapa mpaka mwisho wa mto? Wote."

Hilari akaligeuza, akamwonyesha vimraba. "Na hivi?"

Donati akavitazama, akacheka, halafu kicheko kikamwishia mdomoni. Akawaangalia wenzake. Wenzake wakawa na kazi nyingi ghafla, huyu anageuza samaki, huyu anachochea moto.

"Mbona kimya, mtani?"

"Sisi tunatumia fito," alisema Donati, naye akanyoosha mkono kwenye vichanja, na kweli vyote vilikuwa vya fito, mistari mirefu, hakuna mraba hata mmoja. "Waya hatuna. Waya ni mali ya serikali. Hapa kivukoni kichanja cha waya kipo kimoja tu, na kililetwa na mtu wa serikali."

"Nani?"

"Bwana we. Si wewe?"

Ndiyo. Ilikuwa Januari. Stesheni ya polisi ilibadilisha dirisha la rumande, ikaweka vyuma, na ule wavu wa waya wa zamani ukatupwa nyuma. Hilari aliuomba, akaukunja, akaufunga kwenye baiskeli, akamletea dada yake akaushie samaki, asiungue vidole na fito zinazokatika.

Akalifunga daftari kwenye kitambaa. Fundo la kwanza halikushika. Akafunga tena.

*

Serafina alikuwa uani, mtoto mgongoni, anageuza kambale kwa kijiti.

"Kaka! Shikamoo. Mbona Alhamisi? Chakula chako mimi nakipika Jumapili."

"Marahaba. Jumapili iliyopita nilikula nini hapa?"

"Wali. Na kambale. Ukaongeza."

"Na kichanja kilikuwa na nini?"

Kijiti kikasimama juu ya samaki. Hilari akachutama penye kichanja. Wavu ulikuwa umekaa juu ya moto, na juu yake, kwenye vigingi vinne, kulikuwa na kipande cha pili, kidogo, alichokikata mwenyewe kwa koleo la stesheni kwa ajili ya kukaushia pilipili. Pembe moja waya zilikuwa zimefumuka, naye akazifunga kwa uzi wa shaba wa simu. Akakilaza chini, akalitoa daftari, akalaza jalada la nyuma juu yake, akalisogeza kidogo kushoto. Mraba ukaingia kwenye mraba. Kwenye pembe, pale kwenye uzi wa shaba, jalada lilikuwa na doa lenye mkia kama kiluwiluwi. Mkia ukalala juu ya mkia.

"Uliliona likiwa hapa?" aliuliza.

Serafina akamrekebisha mtoto mgongoni.

"Dada. Jumapili nilikaa kwenye kigoda hiki nikala. Jumatatu nikamfunga Kelestini. Jana umeniona njiani ukanisalimia."

"Umelisoma?"

"Nini?"

"Hilo unalozunguka nalo. Umelisoma mpaka mwisho?"

Hakuwa amelisoma. Alipima urefu wake, alihesabu kurasa, mia mbili na kumi na mbili, alilinganisha wino, akaandika ripoti. Kusoma hakusoma, wala kamati haikusoma, maana Viktor alishasema ni neno kwa neno, wakaridhika.

"Fungua ukurasa wa mwisho," alisema Serafina, akageuza samaki.

Hilari akafungua. Chini kabisa, kwa mwandiko mzuri wa darasani, iliandikwa: *Kitabu hiki tumekitunga wawili, mimi Hermenegildi Lihoma na mwanangu katika kalamu, Viktor. Anayekichapa ayaandike majina yote mawili.*

"Marehemu alisema hivi?"

"Mimi sikuwapo. Aliyekuwapo yule anakuja."

Viktor alikuwa anaingia na baiskeli, suruali imebanwa kibanio cha nguo asichafue, madaftari ya wanafunzi nyuma ya kiti. Uso ukamchanua.

"Shemeji! Mbona hukunipitia shuleni? Serafina, hujampa mgeni hata maji?" Kisha akaona kilicholala chini. Akaegemeza baiskeli ukutani, ikaanguka, hakuiokota.

"Ulisema nakala ilikuwa kwenye sanduku la bati," alisema Hilari. "Mle mna mablanketi."

"Kelestini ameitoa, ndiyo maana..."

"Ulisema Kelestini ndiye aliyebadilisha. Kelestini ana jiko la nyumba ile mkononi. Hana haja ya kuja kuazima la dada yangu."

"Shemeji, unanifanyia upelelezi nyumbani kwangu?"

"Kifurushi kilikuwa kiatu. Nimekishika. Ufunguo wako wa kabati uko wapi?"

Viktor akatabasamu, jamani, akatabasamu! "Ulipotea kwenye mafuriko ya mwaka jana. Wewe mwenyewe ulinigongea muhuri kwenye karatasi ya polisi. Umesahau?"

"Sijasahau. Ulikuja na andazi la moto, tukala mezani kwangu, nikagonga muhuri. Hata sikukuuliza ulipotelea wapi. Geuza mifuko."

"Hilari."

"Sajini Hilari. Geuza mifuko, Mwalimu."

Chaki, kijembe cha kuchongea penseli, rozari. Na kwenye mfuko mdogo wa saa, ufunguo wa shaba, mwembamba, wenye meno mawili. Hilari alikuwa na wa Kelestini kwenye bahasha ya ushahidi. Akaweka mmoja juu ya mwingine. Hakuhitaji kuandika.

Basi Viktor akakaa kwenye kigoda, kile kile, akaanza kusema haraka haraka kama mtu anayetaka kumaliza kabla kengele haijalia.

"Miaka mitatu. Kila likizo, kila Jumamosi. Alikuwa haoni hata sahani yake. Akisahau jina la mtu katika hadithi, nani alimkumbusha? Akikwama, nani alimwambia labda mzee huyu avuke mto? Mimi! Na mwisho wake akaniambia niandike ahsante. Ahsante kwa Viktor aliyenishikia kalamu. Kushika kalamu! Watu wanakuja wanaangalia viatu vyake, kofia yake, na mimi ndiye ninayewafungulia mlango."

"Na Kelestini?"

"Nilidhani hakuna atakayejua. Mama yule ana pua ya mbwa. Ilibidi awepo mtu. Kelestini hana mke, hana mtoto, miezi mitatu ingempita huyo akarudi kwenye vumbi lake."

"Ungeweza kumwambia polisi yeyote. Koplo alikuwa zamu siku ile. Ulimwacha, ukanifuata mimi mpaka nyumbani."

Viktor akaangalia baiskeli iliyoanguka. Gurudumu lilikuwa limeshasimama.

"Koplo angefungua sanduku," alisema.

Hilari akatoa pingu. Hakuwa amewahi kumfunga mtu ambaye alishamvalisha tai, na kwenye mkono wa kushoto ilimbidi afungue tena na kufunga upya, maana ilibana saa, nayo saa ile alimnunulia yeye.

"Daftari lenyewe liko wapi?"

"Halipo." Viktor akainua kidevu. "Nimelichoma. Jumapili ile ile. Kwa hiyo unaweza kunifunga, shemeji, lakini Jumamosi Bwana Fulgensi atachapa hilo ulilonalo, au hatachapa kitu. Mwambie Mama Apolonia achague."

Hilari akamtazama. Akalitazama jiko. Majivu ya kuni, mifupa ya samaki. Kurasa mia mbili na kumi na mbili zinaacha majivu gani, mtu atajuaje baada ya siku nne za kupika?

"Simama," alisema. "Tunakwenda kumfungulia mzee. Nataka umwone anavyotoka."

Walikuwa wamefika kwenye ua wa matete Serafina alipoita.

"Kaka."

Akageuka. Dada yake alikuwa bado anageuza kambale, mmoja mmoja, hakuinua uso.

"Hakuchoma yeye. Alinipa mimi nichome."

Viktor akasimama kama aliyechomwa mwiba. "Serafina!"

"Jikoni huwa haingii," alisema Serafina, anamwambia samaki. "Alinipa, akaenda zake kuvaa shati la kanisani."

Hilari akarudi hatua mbili. "Liko wapi? Sema, dada. Sema sasa hivi."

"Sasa hivi sisemi. Siku nne nimenyamaza na mzee wa watu amelala sakafuni, na wewe nikakupakulia wali. Aibu hiyo siimalizi kwa kukunong'oneza wewe uani, halafu tukaitana kaka na dada." Akainua uso, macho mekundu, labda ya moshi. "Mtoe Kelestini leo. Kesho mkalishe kwenye kiti, Mama Apolonia akae karibu yake, nami nitakuja na kile nilichonacho, nieleze yote mbele yao, tangu siku ya kwanza. Kesho, kaka. Leo nenda."